Anayefungua Ndiye Anayekaa

Somoe Nalinga si kipofu. Hilo liwekwe mbele, maana watu wa Mtwara wana haraka ya kumzika mtu macho kabla hawajamzika mwili. Anaona. Anaona mtu akimpita barazani bila salamu. Anaona muuza samaki akimgeuzia upande uliooza. Anaona mitandio mipya ya majirani zake kule Magomeni, na anajua nani kanunua, nani kaazima. Kinachomshinda ni vitu vidogo tu. Sindano, sisimizi, na maandishi ya kompyuta.

Kazaliwa kijijini Ziwani, nyumba ya mikorosho na mihogo, baba Myao mwenye ulimi, mama wa kunyamaza. Yeye akafuata kwa baba. Shule alifika la saba akaishia hapo, na walimu wakashusha pumzi. Akaolewa na mwanamume ambaye jina lake halina kazi hapa. Huyo bwana akavuka Ruvuma kwenda Msumbiji kutafuta maisha, na inaonekana aliyapata, maana hakurudi. Somoe hakulia. Aliligeuza godoro upande wa pili akalala katikati.

Ndipo akaingia kazini kwa Mohammedtaqi, Mhindi mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale mjini: bati, saruji, misumari, rangi, mabomba. Alianza kwa kufagia. Ukifagia duka la saruji jioni unakohoa matofali. Kutoka kwenye ufagio akapanda kwenye mizani ya misumari, kutoka kwenye mizani akapewa kuandika risiti kwa mkono, na ilipokuja kompyuta akasogezewa kompyuta, na pamoja nayo kiti.

Kiti chenyewe ni cheusi, cha magurudumu, kinazunguka. Wale waliokuwa wakimcheka na ufagio wake sasa walikuja kununua misumari wakamkuta anazunguka. Alikuwa anazunguka makusudi. Mteja akimuudhi, anampa mgongo bila kunyanyuka. Hakuna pambo alilowahi kuvaa Somoe likampendeza kama kile kiti.

Macho yalipoanza kupungua hakumwambia mtu. Daktari alisema ni presha ya macho, akampa dawa ya matone, akamwambia kilichokwenda hakirudi, kilichobaki kilindwe.

"Kama mume," Somoe akamjibu, akabeba matone yake akaondoka.

Fundi wa kompyuta, Mmakonde mmoja anaitwa Gaudensi, ndiye aliyemsaidia kwa siri. Alimkuzia maandishi ndani ya mashine mpaka neno moja likawa kubwa kama bango la uchaguzi. Somoe akaendelea na kazi yake, risiti zikatoka, mambo yakaenda.

Halafu akaja Arsalan.

Huyu ni mtoto wa dada yake Mohammedtaqi, katoka Dar es Salaam na simu mbili, marashi ya kuua mbu, na suruali ambayo ukiiangalia unaihurumia. Siku ya kwanza aliingia dukani akamwambia Mohammedtaqi, mwanamume mzima mwenye ndevu na kitambi, "Salaam aleikum, Mama."

Somoe alizunguka na kiti akamtafuta huyo mama yuko wapi. Baadaye Rukia, muuza vitumbua wa hapo barazani, akamweleza kwamba kwao wale, mjomba ndiye anaitwa mama.

"Basi," alisema Somoe. "Mtu hajamjua mama ni nani, ndiyo ataijua kompyuta?"

Arsalan akaikagua kompyuta kama polisi anayekagua gari bovu. Akasema haina usalama. Akasema kila mtu anaingia tu. Akataka iwe na mlango, na mlango uwe na neno la siri, na mashine ikiachwa kidogo ijifunge yenyewe. Na kweli ikawa inajifunga. Unakwenda kupiga chafya, ukirudi imefungwa.

"Weka neno la siri, bibi," akamwambia Somoe.

"Bibi yako yuko wapi humu ndani?"

"Weka neno ambalo hutalisahau maisha yako yote. Na mtu mwingine asiweze kulidhania."

"Nisilisahau kabisa?"

"Hata usingizini ulijue."

Somoe akamtazama kuanzia viatu mpaka nywele zilizosimama. Akamwambia ageuke upande wa rangi za mafuta. Akaandika neno lake pole pole, kwa kupapasa herufi. Mashine ikakubali.

"Zuri?" akauliza Arsalan, bado kageuka.

"La kweli kabisa," alisema Somoe.

Sasa sikilizeni ujinga wa hizi mashine. Yale maandishi makubwa aliyotengenezewa yalikuwa ya ndani tu. Pale mlangoni, pale pa kuandika neno la siri, mashine haikujui wewe ni nani, kwa hiyo haijui kama huoni, kwa hiyo inakuletea maandishi ya sisimizi. Ndani taa zinawaka, mlangoni giza! Nani anajenga nyumba hivyo?

Somoe alianza kukosea. Kibodi yenyewe ilikuwa imekula vumbi la saruji miaka yote ile, kitufe kimoja kikibonyezwa kinang'ang'ania, herufi ndogo zinageuka kubwa, na mashine inakataa. Inakuandikia sababu, lakini kwa sisimizi. Asubuhi akawa anachelewa kufungua. Mara anatawadha, mara anatafuta kalamu, mara kiatu kinambana. Wateja wanapanga foleni. Arsalan akamchunguza siku kadhaa, kisha akamfuata mjomba wake aliyekuwa anakunywa kahawa.

"Mama, huyu bibi haoni. Hata mlangoni hapiti. Nipe mimi kile kiti."

Mohammedtaqi ni mtu wa amani, yaani mwoga. Hakutaka kumwambia Somoe toka, na hakutaka kumwambia mtoto wa dada yake hapana. Akatafuta maneno yasiyo na mwenyewe.

"Jumatatu asubuhi," akasema, "anayefungua ile mashine ndiye anayekaa kwenye kiti. Mimi sina upande."

Somoe alilisikia, maana masikio hayana presha. Kukosa kile kiti ni kurudi kwenye ufagio, na mgongo wake wa sasa si ule wa zamani. Kukosa ufagio ni kurudi Ziwani kumenya ming'oko, vile viazi vya porini, ya wifi yake, na wifi yake ni mtu wa kukupa chakula na hotuba. Akampigia Gaudensi.

Gaudensi alikuja Jumapili, duka limefungwa, kavaa shati la kanisani. Alikuwa na haraka: jioni anapanda gari la Newala, mpwa wake anatoka jandoni, ngoma inamsubiri. Akakaa mbele ya mlango wa mashine, akaonyesha kwa kidole pembeni kule chini.

"Mama Somoe, unamwona huyu mtu?"

Somoe akasogeza pua mpaka ikagusa kioo. Kweli, kulikuwa na kikatuni cha mtu kanyoosha mikono huku na huku.

"Nani kamsulubu huyu? Gaudensi, hili duka la Waislamu."

"Hajasulubiwa, anakukaribisha! Ukimbonyeza huyu, msaada wote unaletwa hapa hapa mlangoni, kabla hujaingia."

"Basi lete wote."

Mtu mwenye akili angeuliza upi. Gaudensi akaleta wote. Kioo kikawa cheusi tii na maandishi meupe. Ikatokea kibodi ya pichani, kubwa, unaibonyeza kwa kipanya. Na ikawashwa sauti ya mwanamke, Mzungu, ambaye kila unapopitisha kipanya anakutajia ulipo. Siku ile sauti yenyewe ilitoka ndani ya mashine, ndogo, kama ya mgonjwa anayeomba maji. Somoe akajaribu neno lake la siri, Gaudensi kageuzwa ukutani, masikio kaziba. Mlango ukafunguka mara ya kwanza tu.

"Na hii kibodi yenu naondoka nayo nikaisafishe," alisema Gaudensi, akiitikisa. "Ina saruji, ukiimwagia maji unapata msingi wa nyumba."

Akaondoka nayo Newala. Mtu anakwenda ngomani na kibodi kwapani. Ndio mafundi tulio nao.

Jumatatu walikuwepo wote. Mohammedtaqi na kahawa yake. Arsalan kasimama nyuma ya kiti, tayari kakipangusa mgongo kwa kitambaa. Kwenye kaunta alikuwepo Mzee Mohamedi, Mmakua wa Ziwani, aliyetoka kwao alfajiri kununua bati za nyumba ya mwanawe. Huyu ni mtani wa Somoe tangu mababu.

"Wewe mzoga bado hujafa?" akamsalimia.

"Nakungoja wewe utangulie uniwekee nafasi," alisema Somoe, akakaa.

Kuna jambo Gaudensi alilisahau. Ile mashine, siku za kazi, imeungwa na spika kubwa ya nje, ile ya kupigia kaswida na kutangaza bei. Jumapili spika ilizimwa. Jumatatu Mohammedtaqi mwenyewe kaiwasha.

Somoe akasogeza kipanya. Mtaa mzima ukasikia sauti ya mwanamke:

"Saini. Bati ni."

Mzee Mohamedi akainua kichwa. Akangoja. Akatazama huku na huku.

"Bati ni ngapi?" akauliza. "Mbona hamalizii?"

Somoe akapitisha kipanya tena, akitafuta ile kibodi ya pichani. Akapotea pembeni.

"Pawa. Bati ni."

"Haya, bati ni nini?" Mzee Mohamedi akaegemea kaunta. "Kwanza kasema nisaini. Siwezi kusaini kabla sijajua bati ni nini, mimi si mtoto."

Kipanya kikateleza. Mashine ikasema kwa sauti ya kutikisa madirisha: "Shati dauni."

"Kasema shetani!" alipiga kelele mtu nje.

"Bati ni shetani?" Mzee Mohamedi akarudi nyuma hatua. "Mohammedtaqi, bati zako zina nini?"

Rukia akaacha kikaango chake akasimama mlangoni, mikono kiunoni. "Hamsikii vizuri nyie. Hasemi bati. Anasema *batini*. Yaliyofichika. Mmeingiza humu kitu kinachojua batini za watu, na sasa kinamtaja na aliyekituma!"

Mwendesha bodaboda mmoja, yule mwenye wake wawili wasiojuana, akaiacha chai yake akawasha pikipiki akaondoka.

"Ni batani!" Arsalan alikuwa anapiga mguu chini. "Kitufe! Ni Kiingereza tu, jamani! Kitufe!"

"Kama ni kitufe, shetani kaingilia wapi?" akauliza Rukia. Arsalan akaanza kueleza kwamba shati dauni ni kuzima mashine, lakini watu wa barazani hawangoji maelezo.

Somoe hakushughulika nao. Alikuwa ameipata kibodi yake. Akaanza neno lake la siri, herufi moja moja, na yule Mzungu akawa anazitaja moja moja, kwenye spika, mpaka kule kwa wauza mitumba.

"Ei. Ar. Es. Ei."

Wale bodaboda waliobaki wamesoma. Mmoja wao, Goodluck, akaweka kikombe chini akaanza kuzipokea kama mtu anayepokea mizigo bandarini. "A! R! S! A!"

"El. Ei. En."

"Arsalan!" waliitikia wote. "Mbona jina la kijana huyu?"

Arsalan akatabasamu kidogo. Masikini, alidhani ni heshima.

"Pi. Yu. En. Di. Ei."

"P, U, N..." Goodluck akasita, kisha akaruka juu. "Punda! Arsalan punda!"

Kicheko kilichotoka pale, hata Rukia alimsamehe shetani. Vitumbua viliungua. Mtu mmoja alimshika mwenzake asianguke, wakaanguka wote.

Arsalan aligeuka rangi ya matofali. Akaruka, akavuta waya wa spika, akagonga meza, mashine ikatapika kila kilichoandikwa ikarudi mlangoni. "Mama! Umesikia? Kaniita punda kwenye spika! Mwezi mzima kila asubuhi ananiandika punda!"

Mohammedtaqi akashika kipaji cha uso. Akatafuta njia, akaiona, akamsogezea Somoe kwa upole. "Bi Somoe. Nyie watu wa huku mna utani. Sema ulikuwa utani, tuishie hapo."

Mlango wa kutokea huo, wazi kabisa. Mtu mwingine angepita mbio. Somoe akazunguka na kiti akawatazama wote wawili.

"Utani ninao na huyu Mmakua," alisema. "Leo ananiita mzoga, kesho atanizika."

"Nitamzika," alisema Mzee Mohamedi, "na kaburi nitalichimba fupi, miguu ibaki nje."

"Mnaona? Huyo ndiye mtani. Kijana wako huyu atanizika? Hajui hata Magomeni iko upande gani. Utani ni wa watu wanaozikana. Mimi niliambiwa niandike neno nisiloweza kulisahau. Nikaandika."

"Atoke kwenye kiti!" alisema Arsalan.

Mohammedtaqi akatazama kahawa yake. Hakusema toka, wala hakusema kaa. Somoe akanyanyuka mwenyewe. Akakunja kanga yake vizuri, akasimama kando ya mapipa ya rangi, na mtani wake akatazama pembeni.

Arsalan akakaa. Akakizungusha kiti kidogo, kama anaonja. Akanyoosha mkono kutafuta kibodi.

"Kibodi iko wapi?"

"Newala," alisema Somoe.

Akashika kipanya. Waya wa spika alikwishauvuta, kwa hiyo sauti sasa ilitoka ndani ya mashine, ndogo. Basi watu wote wa barazani wakaingia dukani wasikie vizuri.

"Ei," alisema yule Mzungu.

"A!" waliitikia.

Akaenda hivyo hivyo mpaka mwisho wa jina lake. *En.* Halafu mkono ukasimama. Herufi inayofuata ni P. Watu wakanyoosha shingo kwa adabu. Alitazama kioo cheusi, akawatazama, akatazama simu ya Goodluck iliyokuwa inamrekodi.

"Malizia basi," alisema Rukia. "Jiite tu, ni mara moja."

Hakuweza. Akanyanyuka. "Mama, fungua wewe."

Mohammedtaqi akakaa, kiti kikalia. Akashika kipanya. Mbele yake kulikuwa na mtoto wa dada yake, na dada yake ana simu, na watu wa kumpelekea habari Dar anao kabla hata adhuhuri haijaadhiniwa: kaka yako kakaa dukani, mbele ya watu, anamwita mwanao punda herufi kwa herufi. Akasema, "Astaghfirullah," akaachia kipanya kama kimemuunguza.

Wakampigia Gaudensi. Ngoma zilisikika, vigelegele, kisha sauti yake kwa mbali: "Mbonyezeni yule mtu aliyenyoosha mikono!" Simu ikakatika. Wakambonyeza. Mzungu akasema, "Bati ni."

"Lo!" alisema Mzee Mohamedi. "Karudi pale pale. Jamani, mimi nimetoka Ziwani gizani. Mwanangu ana kuta bila paa. Kama hamjui bati ni nini, niende duka la pili."

Na nyuma yake walikuwepo wengine, wa misumari, wa saruji, wanaanza kutazama nje. Mohammedtaqi akanyanyuka. Kiti kikabaki kitupu katikati ya duka, kinazunguka chenyewe polepole, na watu wote wanakiangalia kama jeneza lisilo na mwenyewe. Mjomba hawezi. Mwenye jina hawezi. Kwenye mji mzima, mtu wa kumwita yule kijana punda bila kuona haya, kisha akaandika risiti ya bati, alikuwa mmoja tu, na kasimama kando ya mapipa ya rangi.

"Bi Somoe," alisema Mohammedtaqi, sauti imekwisha. "Njoo ufungue."

"Nikifungua?"

"Fungua tu, wateja wanaondoka."

"Kulikuwa na maneno hapa. Anayefungua ndiye nani?"

"Ndiye anayekaa," alinong'ona.

"Mimi macho yangu mabovu, nasikia kwa kuona mdomo. Sema kwa nguvu."

Uongo mtupu, lakini nani wa kumbishia?

"Anayefungua ndiye anayekaa!" alipiga kelele Mohammedtaqi, na Rukia akapiga kigelegele.

Somoe akakaa. Kwanza akazunguka, mzunguko mmoja mzima, mtaa wote ukauona uso wake na mgongo wake. Kisha akaliandika neno lake, taratibu, na safari hii hata wale wa misumari waliitikia. Mlango ukafunguka, maandishi makubwa yakatokea, na Somoe akamgeukia Mmakua wake.

"Bati ni bati, wewe mfu. Unataka ya geji ngapi?"

"Sasa hilo ndilo neno!" alisema Mzee Mohamedi. "Tangu asubuhi nalisubiri hilo."

Arsalan akapelekwa stoo ya karibu na bandari kuhesabia mifuko, na huko anasifiwa, maana mifuko haiulizi neno la siri. Gaudensi alirudi na kibodi safi, Somoe akaikataa. Alikwisha kumzoea Mzungu wake. Duka lenyewe watu wameshaacha kuliita kwa jina la Mohammedtaqi. Ukiuliza saruji utaambiwa nenda pale Bati Ni.

Kuomba radhi hakuomba, na hakuna aliyethubutu kumwambia aombe. Lakini Mohammedtaqi alimsihi, kwa ajili ya dada yake tu, yule punda aondolewe. Somoe akakubali. Neno la siri likabadilishwa siku ile ile, na kesho yake Arsalan alipita dukani kuhakikisha. Alisimama mlangoni akasikiliza: ei, ar, es. Alipolisikia jina lake hakuthubutu kungoja kinachofuata, alipanda pikipiki akarudi bandarini.

Goodluck na wenzake ndio waliobaki kupokea herufi mpaka mwisho. Punda kweli kaondoka, kama ilivyoombwa. Mahali pake kakaa nyumbu.